Kabla Hujanunua Kopo Jingine la Vidonge

Msomaji mmoja ameniuliza amnunulie mumewe mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, hata mimi ninao) kirutubisho gani, maana wauzaji wanamwahidi makubwa. Dada yangu, hela hiyo mnunulie viatu vya mazoezi.

Kirutubisho cha CoQ10 kilijaribiwa kwa wagonjwa 600, cha kreatini kwa zaidi ya 1,700, na majaribio yote mawili yakakatizwa njiani kwa kukosa faida. Upupu una levodopa kweli, yaani dawa kuu ya Parkinson, na ndiyo maana kuuongeza kiholela juu ya dozi ya daktari ni hatari. Akipimwa akakutwa na upungufu wa vitamini D au B12, hapo sawa, ameze.

Mimi kilichonisaidia ni saa ya kula. Protini ya nyama, mayai au maharage hugombania na levodopa njia ileile ya kutoka utumboni na kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo dawa naimeza nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baada yake, na protini nyingi naiweka jioni. Asubuhi nafunga vifungo vya shati mwenyewe! Protini yenyewe usimnyime, misuli inaihitaji. Vidonge vya madini ya chuma vikae mbali na dozi. Choo kikigoma, maji na mboga.

Sasa mazoezi. Nilipoambiwa nina ugonjwa huu, ndugu walianza kunivutia kiti kila nikisimama. "Pumzika, usijichoshe." Iliniuma, na bado inaniuma, maana walishanihesabu mzee. Leo walewale wanahema nyuma yangu kwenye ngazi, nami sisemi kitu. Haya, nasema kidogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua wagonjwa wa hatua za mwanzo, ambao hawajaanza dawa. Waliotumia mashine ya kukimbilia hadi moyo ukafika asilimia 80 mpaka 85 ya kiwango chake cha juu, baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa karibu palepale. Wasiopewa mazoezi hayo walizidiwa. Kutembea taratibu huku unapiga soga si mazoezi, jamani! Jasho litoke, pumzi ikate maneno. Na msiniambie mmechoka, sote tumechoka.

Mumeo apimwe moyo na presha kwanza, kisha aanze muda ambao dawa imeshashika, si inapoelekea kuisha. Mwambie pia awe anashika kitu pembeni, hasa kwenye kugeuka.