Wasomaji Wanauliza: Kaseti ya Joy Division, Birmingham 1980

SWALI: Nimepata kaseti ya C90 (ya dakika 90) iliyoandikwa kwa kalamu "Joy Division, Birmingham, Mei 1980", yaani ile bendi ya roki ya Uingereza. Haijachezwa kwa miaka mingi. Nianzie wapi nisije nikaiharibu? Na nitajuaje kama ilirekodiwa na mtu aliyekuwa ukumbini, si nakala ya albamu?

JIBU: Kabla ya yote, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Bila hivyo, kidole kikikosea kitufe, onyesho limefutika.

Kisha chungulia pale hedi, kifaa cha deki kinachosoma sauti, inapogusa utepe. Utaona kipande kidogo cha kitambaa kinene kilichogandishwa juu ya ulimi wa shaba. Gundi yake hukauka na kipande hudondoka. Hapo utepe haukandamizwi tena kwenye hedi, na sauti hutoka kama imefunikwa blanketi. Kama hakipo, hamishia utepe kwenye kasha jingine, lile la skrubu tano linalofunguka bila kuvunjwa.

Safisha hedi na mhimili wa chuma kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kigurudumu cha mpira kipe maji yenye sabuni kidogo tu, maana spiriti hukausha mpira. Peleka kaseti mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo ucheze. Utepe uliokaa muda mrefu huwa umejikaza huku na kulegea kule. Zima Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mchakacho.

Linalosahauliwa zaidi ni mwelekeo wa hedi. Weka sauti iwe mono (chaneli moja), kisha zungusha skrubu ndogo iliyo pembeni mwa hedi, kidogo kidogo, mpaka matoazi na mchakacho wa kanda ving'ae kabisa. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha irudishe ilipokuwa.

Kuhusu asili yake: bendi ilipiga High Hall, Chuo Kikuu cha Birmingham, tarehe 2 Mei 1980. Lilikuwa onyesho lao la mwisho. Mwimbaji wao, Ian Curtis, alifariki tarehe 18 mwezi huohuo. Nyimbo za usiku ule zilitoka kwenye albamu ya Still mwaka 1981, kwa hiyo kaseti yenye jina hilo inaweza kuwa imenakiliwa humo. Usilinganishe nyimbo, linganisha makofi. Chukua sekunde chache baina ya nyimbo mbili: kama mluzi uleule unasikika mahali palepale, kwa umbali uleule, ni nakala. Ukisikia mazungumzo ya watu wa karibu ambayo albamu haina, una kitu cha thamani kubwa.

SWALI: Upande B unazidi kwenda kasi kadiri unavyokaribia mwisho. Deki yangu ni mbovu?

JIBU: Kama kaseti nyingine zinacheza sawa, deki haina kosa. Huenda betri za kinasa sauti zilikuwa zinaisha siku ile. Kinasa kikipunguza mwendo wakati wa kurekodi, deki yenye mwendo sahihi itacheza kwa kasi iliyozidi.

Kipimo chako ni mvumo wa umeme. Uingereza umeme ni wa hezi 50, na mvumo wa amplifaya za jukwaani mara nyingi huingia kwenye kanda. Uangalie kwenye picha ya masafa ya programu ya kuhariri sauti: ukikuta hezi 51.5, kanda imezidi kwa asilimia 3, yaani karibu nusu ya semitoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano). Pima kila dakika tano, kisha rekebisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Ila kwanza rekodi sekunde kumi deki ikiwa imesimama: mvumo utakaouona hapo ni wa nyumbani kwako, usiupimie.

Usitumie rekodi ya studio kama kipimo. Jukwaani nyuzi huweza kukazwa tofauti, na mwendo hubadilika.

SWALI: Niondoe mchakacho?

JIBU: Kwenye nakala kuu unayoingiza kwenye kompyuta, hapana. Matoazi ya mpiga ngoma Stephen Morris yako kwenye masafa yaleyale ya mchakacho. Ukiuondoa, nayo yanakwenda. Hifadhi faili ya sauti isiyobanwa, WAV, ya biti 24 na kilohezi 96, vilele visizidi desibeli -6. Majaribio yote yafanyie nakala ya pili.

SWALI: Mtu ananipa faili ya FLAC (inayobana sauti bila kuipoteza) ya onyesho hilo tubadilishane. Nimwamini?

JIBU: Itazame kwenye picha ya masafa kwanza. Mchakacho wa kanda hufifia polepole kuelekea juu. Ukikuta umekatwa wima kama kilohezi 16, faili ilipitia MP3, inayotupa sehemu ya sauti, kabla ya kuvikwa FLAC, na kilichopotea hakirudi. Mwombe faili ya mwanzo.