Wadogo zangu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kabla hamjawatungia watoto hadithi ya vina

Jamani wiki hii nimekaa nyuma ya darasa la pili nawaangalia, nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Sauti mnazo na watoto wanawapenda, ila makosa ni yaleyale yangu, mengine bado yananiuma mpaka leo, basi naandika mara moja nisirudie kila mwaka.

1. Kina ni silabi nzima ya mwisho inayofanana, sio irabu tu. Kiswahili karibu chote kinaishia a e i o u, sasa ukiweka samaki na mitumbwi eti zote zina i, hapo hujatunga kitu. Samaki, rafiki, mkuki, ndiyo hiyo.

2. Piga makofi uhesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, nane kwa nane, kabla hujaingia darasani. Ikizidi moja watoto wanajikwaa palepale kama wanapanda mawe ya mlima wa Mabatini, Mwanza, usiku.

3. Usimweke mtoto wa darasani kwako kwenye ubeti. Hii nisikilizeni vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kijana mmoja, kila kipindi cha KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) anasinzia. Mimi na ujuaji wangu nikasema ngoja nimtie moyo kwa hadithi, nikatunga usiku kucha ya samaki sato, nikajiona malenga:

Sato amelala sana, wenzake wako kazini,
Amelala tangu jana, kesho yu kikaangoni.

Sikutaja jina. Ila niliposema "sato" nilimtazama yeye, na darasa zima likageuka. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia, na mimi nikafurahi eti somo limeeleweka! Jioni nawasikia wanateremka kilima wanaimba, yeye yuko mbele peke yake, anatembea haraka. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Alhamisi nikamfuata kwao, nikaelekezwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikamkuta na mama yake wanaanika dagaa. Mama akanipokea vizuri tu, shikamoo nikamwamkia, akanieleza mitumbwi ya dagaa inavua usiku kwa taa, alfajiri inaingia, na yeye hana mwingine wa kumsaidia kubeba ndoo, kwa hiyo mtoto yuko macho tangu saa kumi. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, hiyo sato wanayomwimbia ni nini?" Nilitamani Ziwa lote linimeze.

Nikatunga nyingine, "Dagaa haji mchana, huja taa zikiwaka", shujaa wake anaamka kabla ya jogoo. Waliipenda, naye akarudi akakaa mbele. Lakini ile ya sato waliendelea nayo hadi darasa la saba, maana ubeti ukishaingia kwa mtoto hauna kifutio, wa kumsifu unakaa na wa kumcheka unakaa vilevile.

4. Ukisema paukwa subiri pakawa ije, wote, hata yule wa dirishani.

5. Vile vishairi vya Kiingereza msivitafsiri, vina vinabaki hukohuko mnaleta maneno matupu. Tungeni vya samaki wa hapa, furu na sangara, watoto hawa wanawajua kuliko nyie mliotoka Dodoma.

6. Na wewe wa jana, uliyemtungia yule mwenye kigugumizi eti "ili azoee", sijakasirika, ila saa nne njoo stafu, chumba cha walimu. Nina chai na mihogo, na tutaandika nyingine pamoja kabla kengele haijalia.