Kampuni ya Kubeti Ina Wajibu Kwako, Udai kwa Maandishi

Ukitaka kuacha kubeti, au unamsaidia mtu wako aache, ninalokushauri kwanza ni kuandika. Iwe barua pepe au ujumbe ndani ya programu, mradi kibaki na tarehe. Nimewasaidia ndugu na marafiki kufunga akaunti zao, na anayepiga simu tu hujibiwa kwa upole, kisha jumbe za bonasi zinaendelea kumiminika. Akilalamika, anaambiwa hakuna kumbukumbu ya ombi lake.

Katika nchi nyingi leseni ya kamari hutolewa kwa masharti: kampuni ithibitishe umri wa mteja, na ichukue hatua ikiona dalili kwamba anaumia. Kesi ikifika kwa msimamizi wa michezo ya kubahatisha, linalotafutwa ni kampuni ilijua nini na lini. Ukiandika "nimeshindwa kujizuia, nifungieni," haiwezi tena kusema haikujua.

Wajibu huo una meno. Machi 2023, Tume ya Kamari ya Uingereza ilitangaza kwamba kampuni za kundi la William Hill zitalipa pauni milioni 19.2. Mteja mmoja aliachwa afungue akaunti na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kuulizwa lolote. Kilichoniuma zaidi ni hiki: watu 331 waliokuwa wamejifungia, yaani wameomba wenyewe wazuiwe kucheza, katika kampuni moja ya kundi hilo waliweza kucheza katika nyingine. Watu waliopata ujasiri wa kuomba msaada, mlango wa pili ukawa wazi!

Kwa hiyo usiishie kwenye kampuni moja. Uliza kama nchi yako ina rejista ya pamoja ya kujifungia. Uingereza wana GAMSTOP, na Australia ilizindua BetStop mwaka 2023. Ukijiandikisha mara moja, kampuni zote za mtandaoni zenye leseni hapo zinapaswa kukukatalia. Zisizo na leseni hazimo, na ukidhulumiwa huko huna pa kulalamika.

Katika ujumbe huohuo, kataa matangazo waziwazi, kwa sababu kufunga akaunti si lazima kufute namba yako kwenye orodha yao. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inakupa haki ya kukataa matangazo yanayotumwa kwako moja kwa moja, na ukikataa lazima waache. Nchi nyingine nyingi zina sheria za aina hiyo.

Matangazo ya hadharani ni vita vingine. Italia iliyapiga marufuku karibu yote mwaka 2018. Klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana kuondoa wadhamini wa kamari kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26, ila mikononi na pembeni mwa uwanja wanaruhusiwa. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi, maana mtoto anayetazama mpira hawezi kujiondoa kwenye orodha yoyote.

Bonasi nazo zisome masharti. Ya 100 yenye sharti la kuzungushwa mara 30 inakudai ubeti 3,000 kabla ya kutoa chochote.

Ukishaandika, piga picha ya kila ujumbe unaokuja baadaye. Kampuni ikipuuza, peleka malalamiko rasmi kwao kwanza, subiri muda uliowekwa, kisha mpelekee msimamizi wa michezo ya kubahatisha ombi lako la kwanza pamoja na picha hizo, zikipangwa kwa tarehe.