Kikokotoo kinasema saa 13, tiketi inasema 15

SWALI: Habari, mtaalamu. Januari nitasafiri na mama kutoka Nairobi hadi New York bila kuunganisha ndege. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa kilomita 11,840 na saa 13 hivi. Tiketi inaonyesha kuondoka 23:25 na kutua 06:25. Kurudi ni 12:25 hadi 10:55 kesho yake. Yaani kwenda ni saa 7 na kurudi 22? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Januari, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kwa hiyo kwenda ni 7 ukijumlisha 8, yaani saa 15. Kurudi ni saa 22 na nusu ukitoa 8, inabaki 14 na nusu. Kuanzia katikati ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7.

Umbali uliopewa ni sahihi. Ndiyo njia fupi kuliko zote kwenye tufe, ingawa haifanani na ile utakayochora kwa rula. Rula kwenye ramani ya ukutani itakupitisha kaskazini mwa Congo, Nigeria hadi Mauritania, na mstari huo ni mrefu zaidi kwa kilomita kama 350. Njia fupi hupinda kaskazini: Sudan Kusini, Darfur (magharibi mwa Sudan), Chad, Algeria, karibu na Marrakech, kisha Atlantiki. Hiyo nayo ni ya kwenye karatasi tu. Anga la Sudan limefungwa kwa sehemu kubwa tangu vita vya Aprili 2023, kwa hiyo ndege huzunguka.

Kikokotoo kimekosea kwenye muda. Kimegawa kilomita kwa 900, mwendo wa kawaida wa Boeing 787 angani, kana kwamba hakuna upepo. Kumbe juu kule, kuanzia Atlantiki ya kaskazini hadi Sahara, pepo kali huvuma kutoka magharibi, na Januari ndiyo huwa kali zaidi. Kwenda New York ni upepo wa mbisho njia nyingi. Tuseme unapunguza mwendo kwa kilomita 50 tu kwa saa, na njia imerefuka hadi 12,200: hapo ni saa 14 na dakika 20. Ongeza dakika 40 za kutambaa ardhini, kupanda na kushuka, maana muda wa tiketi huhesabiwa kuanzia ndege inapoondoka mlangoni hadi inapoegeshwa. Zinatimia 15.

Kurudi, upepo huohuo unasukuma mkia, lakini ukikaribia ikweta hulegea, ndiyo maana hauokoi zaidi ya hapo.

Kuondoka usiku kunasaidia pia. Uwanja wa JKIA wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mchana wa joto ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huhangaika kuruka. Mimi ningepanga usiku hata kama abiria wangependa asubuhi.

Ratiba hupangwa kwa upepo wa kawaida wa msimu, si wa siku yenyewe. Anayewapokea JFK, uwanja wa New York, afuatilie namba ya ndege siku hiyo; mnaweza kutua nusu saa mapema.