Muulize Shangazi: Mwisho wa wiki nje ya mji

Barua za mwezi huu karibu zote zauliza jambo moja: mtu atoke vipi nje ya mji Jumamosi au Jumapili bila kumaliza mshahara? Swali hili nalipenda. Nimekulia Gede, shambani kwa baba, baina ya minazi na mikorosho, na sasa naishi Shella hapa Malindi. Naumia nikikutana na watu wazima waliozaliwa mjini humu ambao hawajakanyaga korongo la Marafa, ilhali mgeni wa siku mbili ameshafika na kupiga picha. Nimechagua barua nne.

*Asalaam aleykum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4. Mume wangu hupata Jumapili pekee. Watoto wamechoshwa na ufuo. Kila wiki ni bahari na simu. Hatuna gari. Tuwapeleke wapi, turudi kabla ya Magharibi na tusiingie deni? Mama Watatu, Muyeye.*

Waleykum salaam, mwanangu. Wapeleke Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, na siku hiyo iwe ya Gede tu.

Pandeni matatu ya asubuhi iendayo Mombasa, mshuke njia panda ya Gede, kama kilomita 16 kutoka Malindi. Hapo tuktuk zipo, na mkitaka kutembea si mbali. Bebeni vitambulisho, kwa sababu mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Jitahidini kufika saa mbili asubuhi. Magofu yamo ndani ya msitu na kivuli chake ni kizuri, lakini asubuhi ndipo ndege na wanyama wadogo hutembea. Mkinyamaza mwaweza kumwona sange, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, akipekua majani makavu. Huyo hapatikani popote duniani isipokuwa pwani yetu hii ya Kenya.

Kila mtoto mpe kazi yake. Huyu wa miaka 12 atafute kaburi lenye tarehe: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wa miaka 8 ahesabu visima, na kwenye kila nyumba atafute choo, maana watu wa Gede walijenga vyoo vya ndani kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla ya babu zetu sisi. Mwonyesheni jumba la mfalme na msikiti mkuu. Waambieni kwamba mwakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alikuta vyombo vya kauri kutoka China humo ndani ya msitu. Kisha waulizeni: kwa nini watu waliuhama mji mzuri hivi? Wako wasemao maji ya visima yalishuka, wako wasemao ni vita. Jingine la kustaajabisha ni kwamba Wareno walikaa Malindi miaka mingi, jirani kabisa, na katika maandishi yao hawakuutaja mji huu. Mtoto wa miaka 12 akilishika fumbo hilo atarudi nalo nyumbani na kuwasumbua kwa maswali, na ndiyo raha yenyewe. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Watoto wetu wasiwe wa mwisho kuujua.

Mdogo wa miaka 4 hatajali habari za UNESCO; yeye atajali vipepeo. Papo hapo penye magofu pana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, wakishageuka vifukofuko wakauza, navyo husafirishwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mimi mradi huu nauthamini mno. Msitu ule una kama kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi mkulima jirani hakuwa akiona faida yake ila kuni na mbao. Akipata karo ya mtoto kutokana na kiwavi, ana sababu ya kuuacha mti usimame. Mweleze mwanao hivyo hivyo, ataelewa.

Chakula pikeni Jumamosi usiku. Mahamri, katlesi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai ya maziwa. Mbaazi za nazi acheni nyumbani. Nazi huchacha kwenye joto kabla hamjatandika mkeka. Madafu mtayapata njiani. Kima wa Gede wamezoea watu na hupokonya ndizi mkononi mwa mtoto, kwa hivyo chakula kiliwe nje ya magofu na kima wasilishwe kitu, hata wengine wakifanya hivyo mbele yenu.

Mtu atawashawishi muongeze ghuba ya Mida siku hiyo hiyo kwa kuwa ni karibu. Msikubali. Mida yataka siku yake na maji yake. Maji yakijaa mtafurahia mtumbwi kati ya mikoko. Yakipwa mtaona tope limejaa ndege, hasa kati ya Oktoba na Aprili wanapokuja wahamiaji kutoka Ulaya na Asia. Huko Dabaso kikundi cha wenyeji kimejenga njia ya mbao juu ya mikoko na hupika sambusa za kaa. Iwekeni Jumapili nyingine.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni wa Nairobi, nimehamishiwa Malindi kikazi. Nina pikipiki. Nataka Jumamosi moja nione mto Sabaki, Mambrui, Marafa na Tsavo. Nipangie. Mgeni wa Maweni.*

Marahaba mwanangu, na karibu sana. Tsavo iondoe kwenye hiyo orodha. Lango lake la Sala liko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na pikipiki hairuhusiwi kuingia mbuga yenye simba na tembo. Tafuta wenzako wanne mkodi gari, mlale huko usiku mmoja, na kiingilio mlipe kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kabla ya kufika, maana KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei pesa mkononi.

Hayo mengine matatu yako njia moja, na Jumamosi yatosha. Toka saa mbili asubuhi, uvuke daraja la Sabaki, usimame. Maji hayo unayajua wewe kuliko sisi: ndiyo Athi yenu ya Nairobi, katikati huitwa Galana, yakifika kwetu ni Sabaki. Msimu wa mvua huja na udongo mwingi hadi bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai. Kinachotupwa mtoni huko juu hutufikia sisi ufuoni, na ningependa kila mtu wa Nairobi asimame pale darajani akione. Ukipata kijana mwenyeji wa kukuongoza, teremka naye hadi mto unapoingilia baharini. Kuna heroe, na viboko mara nyingi huonekana. Usioge mtoni wala usikae ukingoni, hata ukiona wengine wanafua, mamba wamo.

Kisha Mambrui. Ni mji mkongwe wa Waislamu, watu wake wapole, kwa hivyo vaa suruali ndefu, salimia kabla ya kutoa simu ya picha. Kaburi la mnara lilipambwa kwa mabakuli ya China. Mwaka 2010 waakiolojia wa China na Kenya walifukua hapo sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme yule yule wa China aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Kula chakula cha mchana huko huko. Ukipata samaki wa kupaka na wali wa nazi, usitafute zaidi.

Marafa ufike saa tisa hadi saa kumi alasiri, si saa sita. Mchana ule shimo huwa tanuri, na rangi zote zimepauka. Jua likilala, kuta za mchanga hugeuka nyekundu, njano, waridi na nyeupe, tabaka juu ya tabaka. Mvua ndiyo iliyochonga korongo lile na ingali inalichonga. Kila masika ukingo humeguka kidogo, kwa hivyo simama mbali na mdomo wake. Wenyeji hupaita Nyari, nao wana kisa chao: palikuwa na familia tajiri ya ng'ombe wengi, waliooga maziwa huku jirani zao wakiwa na njaa, Mungu akawazamisha na nyumba yao. Weupe ni yale maziwa, wekundu ni damu yao. Kisikilize kwa mzee wa hapo hapo, katika Kigiriama chake ukipata wa kukufasiria, kwa sababu mimi nimekikata mno.

Anza kurudi kabla ya saa kumi na mbili. Saa hiyo ng'ombe na mbuzi hurejea zizini kwa kufuata barabara, na pikipiki gizani haiwaoni.

Na ukipata Jumamosi ya pili huko Magarini, ulizia Bungale, alikozikwa Mekatilili wa Menza. Sanamu yake iliyo mjini unaipita kila siku. Mama huyo aliwaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa Kisii, akarudi kwa miguu hadi kwao. Ukiwa umetoka Nairobi kwa basi utajua huo ni umbali gani.

*Shangazi, kwani ni lazima kumlipa mwongozaji? Hii ni ardhi ya mababu zetu. Mwenyeji, Barani.*

Ndugu yangu, kwa kuwa ni ya mababu zetu ndiyo maana tulipe. Kijana wa Marafa au wa Arabuko-Sokoke anajua njia ipi tembo wamepita asubuhi na ukingo upi umeanza kupasuka. Akikosa riziki hapo atakuja mjini kutafuta kibarua, na shamba libaki bila mwenye kulieleza. Mkiwa jamaa kumi mkachanga, kila mmoja hutoa kidogo sana. Patana naye bei kabla ya kuondoka, umlipe mkononi mwake.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Ukipita vijijini ukaona vigango, vile vijiti vilivyochongwa kwa ajili ya wazee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, waliofariki, usiguse, na mtu akikuuzia kataa. Vingi viliibwa, vikauzwa Marekani na Ulaya kama mapambo ya sebule, na ni vichache tu vilivyorudishwa. Kwenye kaya nako, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, usiingie bila ruhusa ya wazee. Ni mahali pa ibada.

*Asalaam aleykum Bi Mkubwa. Wageni wanne kutoka Nairobi wanakuja kwangu Ijumaa hadi Jumapili. Ngome na maduka wameshayaona safari iliyopita. Wanataka shamba na utulivu. Nifanyeje? Binti wa Langoni, Lamu.*

Waleykum salaam, binti yangu. Jumamosi wapeleke Takwa, kule kisiwa cha Manda. Ni mji uliohamwa karne ya 17. Msikiti wake ungali na kuta, na kaburi la mnara lina mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni karibu 1683. Watu wa Shela ya huko Lamu wana nasaba na mji ule, na hadi leo huenda huko kuomba dua ya mvua, basi wageni wako wavae kwa heshima. Jumapili waamke mapema muende Matondoni, kwa miguu au kwa punda, wakaone majahazi yanavyoundwa. Wakipenda mikeka, Kipungani kina mama husuka, na kununua kwa mwenye kusuka ni bora kuliko dukani.

Lakini kwa Takwa kila kitu hutegemea maji. Mlango wa kuingilia umebanwa na mikoko, chombo hupita maji yakijaa tu, na mkichelewa kutoka mtakaa kwenye tope hadi yarudi. Kwa hivyo usipange saa ya kuondoka kwa saa ya mkononi. Mwendee nahodha Alhamisi, muulize siku hiyo maji yajaa saa ngapi na yaanza kupwa saa ngapi, ndipo ujue kama utabeba chakula cha mchana au wageni watakula nyumbani. Nahodha akikujibu kwamba wakati wowote mwaweza kwenda, mshukuru, utafute mwingine.