Mtutu mfupi, maswali marefu

Safu ya leo ni ya rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, za zamani za mtutu mfupi, hasa zile za Marekani zenye mtutu wa inchi 2, ambazo askari kanzu walizitia mfukoni mwa koti zisionekane. Wengi walioniandikia wanaishi hukohuko Marekani, ambako kukusanya silaha za kale ni jambo la kawaida lenye sheria zake. Ila jambo moja kwanza: bastola yoyote unayopewa mkononi, hata ikiwa ya kabati la maonyesho, fungua silinda utazame kila tundu kwa macho yako. Neno la muuzaji kwamba haina kitu halitoshi.

Duka moja la vitu vya kale hapa Columbus lina Colt Detective Special. Mwenye duka anasema ni ya "kabla ya vita", yaani Vita vya Pili vya Dunia, na bei yake inafanana na maneno hayo. Nitajuaje?

Anza chini ya mtutu. Kile kijiti cha kutolea maganda kiko wazi, au kimefunikwa na chuma kilichoungana na mtutu? Kikiwa kimefunikwa, rudisha mezani taratibu, kwa sababu mfuniko huo ulikuja na toleo la tatu mwaka 1973.

Kikiwa wazi, kazi ndiyo inaanza. Kampuni ya Colt ilianza kuitoa Detective Special mwaka 1927, na kwa kweli ilikuwa ni Police Positive Special, rivolva nyingine ya Colt, iliyofupishwa mtutu: risasi sita, kalibra (yaani aina ya risasi) ya .38 Special. Za miaka ya mwanzo zina mpini wenye kitako cha mraba. Mnamo 1933 kikaja kitako cha duara ili koti lisinase. Zile za mraba ndizo zinazogombaniwa. Baada ya vita, kuanzia 1947, likaja toleo la pili, na mwanzoni lilivishwa vibao vya mpini vya plastiki ya kahawia ambavyo kampuni iliviita Coltwood, jina lenye mti ("wood") ndani yake ilhali mti wenyewe haupo. Baadaye mbao halisi zikarudi, na mwaka 1966 mpini wenyewe ukafupishwa. Uzalishaji ulikoma 1986, ukafufuliwa 1993 na vibao vya mpira, ukazimika tena 1995.

Sasa tahadhari. Vibao vya mpini hufungwa kwa skrubu moja. Mtu yeyote anaweza kuvua vya plastiki akavika vya mbao vya miaka ya 1930 jioni moja akiangalia mpira. Kwa hiyo soma namba ya silaha. Namba itakupa mwaka, lakini haitakuambia kama bastola ilizaliwa na mtutu mfupi, maana Detective Special zilichangia mfululizo mmoja wa namba na Police Positive Special za mtutu mrefu. Tazama maandishi ya ubavuni mwa mtutu: yamekamilika au yamekatwa katikati ya neno? Tazama mdomo wa mtutu: umeviringwa vizuri au una alama za tupa? Kilengeo cha mbele kimezaliwa hapo au kimechomelewa? Ukiwa bado na shaka na bei ni kubwa, lipia barua ya nyaraka za Colt wenyewe. Itakueleza urefu wa mtutu na mahali bastola ilipopelekwa ilipotoka kiwandani.

Mimi niliwahi kununua moja kwa hadithi. Niliambiwa ilikuwa ya mpelelezi wa Chicago, nikalipia na mpelelezi wake. Barua ilipokuja, ilikuwa imepelekwa kwa muuza vifaa vya ujenzi.

Nimerithi kutoka kwa mkwe wangu Smith & Wesson yenye herufi V mbele ya namba, mtutu wa inchi 2. Nimeambiwa ni adimu, ilikuwa ya majasusi. Ni kweli?

Pole, ndugu yangu, lakini swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote. V ni ya Victory, rivolva za Vita vya Pili vya Dunia. Nyingi sana zilipelekwa Uingereza na makoloni yake zikiwa na mtutu wa inchi 5 na kalibra ya .38 S&W, ambayo si .38 Special. Risasi ya .38 S&W ni nene zaidi na ganda lake ni fupi zaidi.

Vita vilipoisha zikauzwa kwa bei ya kutupa, na wafanyabiashara wa Marekani wakapata wazo. Wamarekani walitaka .38 Special na mitutu mifupi. Basi wakazichimba silinda ziingie ganda refu, wakakata mitutu, nyingine wakazipaka nikeli. Matokeo ni bastola inayopiga, lakini ganda dogo ndani ya tundu pana huvimba na wakati mwingine hupasuka. Kwa hiyo usiipige hata mara moja kabla fundi wa silaha hajaipima.

Uchunguzi unaweza kuufanya mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Mihuri ya majaribio ya Uingereza ikiwapo, mara nyingi utakuta ".38 .767" na maneno "3½ TONS". Ile .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, nao ni wa .38 S&W. Chini ya mpini tafuta tundu la pete ya kamba, kwa kuwa mara nyingi pete ilitolewa na tundu likazibwa. Victory za inchi 2 zilizotoka kiwandani hivyo zipo, lakini ni chache mno, na yenye mihuri ya Kiingereza na mdomo uliokatwa kwa msumeno si mojawapo. Itunze kwa ajili ya mkwe. Hiyo nayo ni sababu nzuri.

Mume wangu amenunua Chiefs Special ya nne. Anaapa hazifanani. Mimi naona ni kitu kilekile mara nne. Nani mkweli?

Dada, nyote wawili. Kwa mbali ni kitu kilekile: rivolva ya Smith & Wesson, risasi tano, ndogo kuliko Colt. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1950 katika mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs, na jina likatoka hapo. Lakini mwambie azipange mezani. Za mwanzo kabisa zina kikingio kidogo cha kifyatulio, kidole chenye glavu hakiingii. Hesabu skrubu ubavuni, kwa maana zilipunguzwa kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 1957 kampuni ikaanza kutumia namba badala ya majina, Chiefs Special ikawa Modeli 36, na namba hiyo imegongwa ndani, unaiona ukifungua silinda. Kibonyezo cha kufungulia silinda kilikuwa bapa hadi 1966. Kijialmasi cha mbao kuzunguka skrubu ya mpini kiliondoka mnamo 1968.

Kisha kuna ndugu zake: Centennial ya 1952 isiyoonyesha nyundo, Bodyguard ya 1955 iliyofunika nyundo nusu, na Modeli 60 ya 1965, rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu. Siku akikuambia amepata ile ya alumini mpaka silinda, iliyotengenezwa kwa marubani wa jeshi la anga la Marekani, hapo ndipo ufiche kadi ya benki. Jeshi lenyewe liliziharibu nyingi, na za bandia zinatembea.

Kuna Colt iliyokatwa sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio. Muuzaji anaiita Fitz Special.

J. H. FitzGerald wa Colt alizikata kweli, ili kidole kifike upesi. Lakini msumeno hauhitaji leseni. Bila barua ya Colt inayosema hivyo, hiyo ni Colt iliyoharibiwa.

Nina viza ya masomo hapa Minneapolis. Naweza kuanza mkusanyiko?

Kwa kawaida hapana. Sheria ya shirikisho humzuia mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa humo. Muulize mwanasheria kabla ya kugusa chochote, na usimtume rafiki akununulie, hilo ni kosa jingine kubwa. Wenye ukaazi wa kudumu hali yao ni tofauti: iko leseni ya mkusanyaji kwa silaha zilizofikisha miaka 50, na zilizotengenezwa kabla ya 1899 sheria ya shirikisho inazihesabu za kale. Jimbo linaweza kuwa na masharti yake juu ya hayo.

Niing'arishe kwa dawa ya shaba?

Usithubutu. Mafuta mepesi na kitambaa laini, basi. Mkusanyaji hulipia ile rangi ya buluu nyeusi ya kiwandani hata ikiwa imechujuka kwa kusuguana na ngozi ya mfuko. Ukiing'arisha, umefuta pesa na kingo za herufi kwa pamoja.

Katika sanduku la marehemu babu hapa Tanga tumekuta kibastola kilichoandikwa "British Bulldog". Kina thamani gani?

Kabla ya thamani, polisi. Usidhani uzee wake unakuondolea wajibu. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Usikibebe kwenye daladala. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, pigeni simu kituoni, waje wakichukue au wawaelekeze, na watoto wasikikaribie.

Kuhusu chenyewe: Webley, kampuni ya Birmingham, Uingereza, walianza kuzitoa mwaka 1872, mtutu wa inchi mbili na nusu, risasi tano nene za .442. Zikapendwa mno, Wabelgiji wa Liège na Wamarekani wakaziiga kwa maelfu, kwa hiyo jina pekee halithibitishi kwamba ni ya Webley. Za Liège hubeba duara refu lenye herufi ELG na nyota. Taji likiwa juu ya duara hilo, ni ya 1893 au baada yake.

Kwa Bulldog ya namna hiyo Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield katika kituo cha treni mjini Washington, Julai 1881. Alitamani yenye mpini wa pembe za ndovu, kwa hesabu kwamba ingependeza makumbusho. Makumbusho iliipata kweli, ikaipiga picha, kisha ikaipoteza.