Mnaoanza kupanga miungu wa ulimwengu wa kubuni, msianze na nguvu

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kupanga miungu wa ulimwengu wa gemu tuliokuwa tunautunga na wenzangu nilifanya kile ambacho nadhani wengi wanaoanza wanafanya, nikachukua miungu wote 34 nikawapanga kwa nguvu, namba 1 mungu wa anga, 2 wa vita, 3 wa mauti, nikashuka hivyohivyo mpaka mwisho kabisa kwa mungu wa kike wa mto mmoja mdogo. Jedwali lilipendeza. Baada ya muda mwenzetu aliyekuwa anaandika mji ulioko kwenye huo mto akaniuliza, hapa mjini hakimu anawaapisha watu kwa jina la huyu wa mto, mtoto akizaliwa anaoshwa kwa maji yake, na mungu wa anga hana hata hekalu moja, sasa huyu anakuwaje wa 34? Sikuwa na jibu.

Shida iko kwenye neno "mkubwa". Tukisema mungu fulani ni mkubwa tunaweza kuwa tunamaanisha ametokea wapi, yaani ni wa kizazi gani au ni kiumbe wa aina gani, au tunamaanisha cheo, nani anamwamuru nani, au tunamaanisha watu wangapi wanamwomba na wanamwomba wapi. Hivi ni vitu vitatu na kila kimoja kinataka kolamu yake. Ukivibana kwenye namba moja lazima kimoja kitadanganya.

Angalia Wagiriki. Kwa Hesiod, mshairi wao wa kale, Zeus ndo kitindamimba wa mungu Kronos, na bado ndo mfalme wa miungu, kwa hiyo kuzaliwa kwanza hakumpi mtu kiti. Hades ni ndugu yake wa damu, kwenye kura ya kugawana ulimwengu alipata kuzimu, lakini mara nyingi ukihesabu wale miungu wakuu 12 wa mlima Olympus yeye hayumo maana makao yake yako kwingine. Na hao 12 wenyewe walikuwa wanabadilika, kuna orodha zenye Hestia wa meko na kuna zenye Dionysus wa mvinyo, ukienda kwenye michongo ya Parthenon, lile hekalu la Athens, aliyekaa pale na wenzake ni Dionysus. Namba 12 ilishika kuliko majina. Mi hili lilinisaidia sana, maana nilikuwa nahangaika kweli kuhakikisha baraza langu la miungu 7 lina majina yaleyale kila mji.

Ila waliofanya hii kazi kwa kuipenda ni watu wa Mesopotamia, Iraq ya kale, hao ndo nawashauri muwasome kabla ya wote, maana wao waliwapa miungu namba kabisa na waandishi wao waliweza kuandika namba badala ya jina. Anu wa mbinguni 60, Enlil 50, Ea 40, Sin ambaye ni mwezi 30 (siku za mwezi hizo), Shamash ambaye ni jua 20, Ishtar 15. Ona jua liko chini ya mwezi, na ukiuliza kwanini jibu halipo kwenye mwanga wala joto, jibu ni ukoo, Shamash ni mtoto wa Sin. Halafu anakuja Marduk, mungu wa mji wa Babeli, mtoto wa Ea, mwanzoni si mtu wa kutajwa sana, mji wake unapata nguvu na yeye anapanda, mpaka kwenye utenzi wao wa uumbaji anapewa ufalme na majina 50, ile 50 ya Enlil. Waashuru nao walipokuwa wakubwa wakauchukua utenzi uleule na mahali pa Marduk wakamweka Ashur wao. Kwa hiyo kabla hujaandika cheo cha mungu yeyote jiulize cheo hiki kimeandikwa mji gani na nani alikuwa anatawala siku hiyo, na hiyo iwe kolamu ya nne, kwangu imekuwa na faida kuliko zote.

Kwenye dunia za kubuni mfano mzuri ni wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings. Wale Valar, yaani wakuu wenye nguvu kama miungu, ni 14, kati yao 8 ndo wakuu zaidi wanaitwa Aratar, chini yao wako Maiar, roho wa daraja la chini. Ukisoma haraka unaona ngazi iliyonyooka, lakini Melkor aliyepewa vipawa vikubwa kuliko wote hahesabiwi tena kwenye Valar kwa sababu ya uovu wake, na Gandalf yule mchawi mwema na Sauron yule adui mkuu wote ni Maiar, kundi moja, wakati uwezo wao na njia zao hazifanani hata kidogo. Kundi linakwambia ni kiumbe wa aina gani basi, usilisome kama kipimo cha nguvu.

Kitu kingine, msiwe na haraka ya kuunganisha. Ukikuta miungu wawili wa radi kutoka makabila mawili mkono unawasha kuwafanya mmoja. Wamisri wa kale waliwaunganisha mungu Amun na Ra wa jua wakapata Amun-Ra na bado Ra aliendelea kuwa Ra, kwa hiyo we waache na mistari yao miwili, andika pembeni kwamba watu wa mahali fulani wanawaona ni mmoja. Kutenganisha baadaye ulichokwisha kuunganisha ni kazi mbaya, nilishapoteza hadithi nzima ya kabila moja hivyo.

Mungu wa mto sasa hivi kasimama hivi: asili, roho wa mahali; cheo, hayumo kwenye baraza, hamwamuru mtu na hakuna anayemwamuru; ibada, mji mzima; aliyeandika, makuhani wa huohuo mji. Wa vita bado namfanyia kazi, kwenye kolamu ya asili ana majibu mawili, wa kaskazini wanasema alizaliwa binadamu na wa pwani wanasema alikuwepo kabla ya ardhi, nimeyaacha yote mawili humo.